Pemba ina vilima, ila umeme wa maji unataka mwinuko

Shekhe, umeuliza kwa nini Pemba, na vilima vyake vyote na mvua za masika, tusitoboe tupitishe maji, tupate umeme na kumwagilia mpunga kama walivyofanya Australia kule Snowy Mountains. Tatizo ni mwinuko. Wale walijenga kuanzia 1949 hadi 1974, wakachimba mahandaki ya kilomita 145 hivi, na maji yao hushuka karibu mita 800 yakizungusha mitambo njiani kabla ya kuingia mito ya wakulima upande wa pili.

Piga hesabu: mita ya ujazo moja kwa sekunde ikishuka mita 800 inatoa karibu megawati 7.8, yaani kilowati 7,800. Maji hayo hayo yashuke mita 20 kwenye kilima chetu, unapata kilowati 200 tu, na bado hujatoa kinachopotea mitamboni. Na kijito gani Pemba kina maji hayo kiangazi? Vingi unavuka kandambili mkononi.

Halafu umeme wa maji tunautumia tayari, ila unazalishwa bara. Pemba imeungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na mitambo ya mto Pangani imo kwenye gridi hiyo.

Kumwagilia ndiko kunakowezekana, hakutaki mlima. Bwawa dogo juu ya bonde la mpunga na mfereji uliosakafiwa vizuri. Mimi ningeanza hapo kabla ya kufikiria pampu, pampu inakula umeme na bili inapanda.