Wasomaji Wanauliza: Doria Kila Usiku, Mbona Bado Tunaibiwa?

Barua nyingi za toleo hili zimehusu ulinzi wa mtaa. Zinazofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa sababu iliyo wazi: wengine wanaandika kuhusu watu wanaoishi nao ukuta kwa ukuta.

Kamati yetu ina vijana 18. Kila usiku wote wanazunguka mtaa kuanzia saa 4 hadi saa 8. Tumeenda hivyo miezi mitano na nyumba bado zinavunjwa. Tuongeze watu au tuongeze saa? — Katibu wa kamati ya ulinzi

Ndugu katibu, msiongeze chochote kwanza. Fungueni daftari. Hamjatuambia nyumba hizo zinavunjwa saa ngapi, na tunashuku hata kamati haijui. Doria hupangwa usiku kwa sababu usiku unatisha. Lakini nyumba ya watu wanaokwenda kazini na shuleni iko tupu mchana, na mwizi anayetaka kuingia ndani asikutane na mtu anapenda nyumba tupu. Kinachoondoka usiku mara nyingi ni kilichoachwa nje: baiskeli, betri, nguo kwenye kamba.

Daftari liwe na safu sita: tarehe na siku ya wiki; nyumba na upande ulioingiliwa; saa; namna alivyoingia; kilichochukuliwa; njia aliyotokea. Safu inayoharibiwa zaidi ni ile ya saa. Mtu ametoka saa 2 asubuhi, amerudi saa 11 jioni, akakuta dirisha limeng'olewa, anaandikisha "saa 11 jioni". Hiyo ni saa aliyogundua, si saa aliyoibiwa. Andikeni zote mbili: mara ya mwisho mali ilipoonekana, na wakati ilipokutwa haipo. Yakifika matukio kumi au kumi na tano, chukueni karatasi ya mistari, gawanyeni upana wake katika saa 24, na kila tukio lipate mstari wake kutoka saa ya kwanza hadi ya pili. Pangeni mistari hiyo mmoja chini ya mwingine. Pale inapolaliana kwa wingi ndipo mwizi wenu anapofanyia kazi. Fanyeni hivyohivyo kwa mahali, kwa kutia nukta kwenye ramani ya mkono. Hamtakuta nukta zimetawanyika sawasawa mtaa mzima. Zitarundikana kwenye njia mbili tatu, kichochoro fulani, nyumba zilizopakana na kiwanja kitupu.

Hapo ndipo mpeleke watu. Kuzungukazunguka tu kulishapimwa. Kati ya 1972 na 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu: moja likaondolewa doria ya kawaida ya magari, jingine likaachwa lilivyo, la tatu likaongezewa doria mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, na wakazi hata hawakugundua mabadiliko. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kinacholeta tofauti ni kwenda mahali penyewe penye matukio, kusimama hapo dakika 10 hadi 15, kuondoka, na kurudi bila ratiba inayoweza kukaririwa. Ukipita mbio bila kusimama, anayejificha anangoja umalize kona tu.

Na hao vijana 18 wasitoke wote kila usiku. Kamati haziuawi na wezi, huuawa na usingizi. Watatu watatu hupata makundi sita, kila mmoja akitoka siku moja kati ya sita. Wabebe tochi, filimbi, simu yenye chaji na kizibao kinachoakisi mwanga, na mtu mmoja aliye nyumbani awapigie kila baada ya nusu saa. Silaha hapana. Kazi yao ni kuonekana, kuangalia na kuripoti. Kumfukuza mtu gizani ni kazi ambayo hata polisi huifanya wakiwa na wenzao nyuma.

Niliibiwa wiki iliyopita. Jirani ananifariji kwamba mwizi harudi alipokwisha chuma. Ni kweli? — Mama wa watoto wawili

Pole sana, mama. Jirani ana nia njema lakini amekosea, tena kosa la hatari. Nyumba iliyoibiwa iko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuibiwa tena kuliko nyumba ya kawaida, na hatari hiyo ni kali zaidi katika wiki za mwanzo. Mwizi sasa anajua mlango upi ni dhaifu, chumba kipi kina nini, alichokiacha kwa kukosa mkono wa tatu, na kwamba baada ya muda mtanunua televisheni mpya. Hatari hiyo huwamwagikia pia majirani wa karibu, hasa wenye nyumba zilizojengwa kama yako.

Huko Kirkholt, mtaa wa nyumba za umma mjini Rochdale, Uingereza, jambo hili lilitumiwa katika miaka ya 1980. Badala ya kulinda mtaa wote, waliwaangalia walioibiwa tayari. Mita za umeme na gesi zilizokuwa zikilishwa sarafu ziliondolewa, kwa kuwa zilikuwa kama kibubu ukutani, milango iliimarishwa, na kaya kama sita zinazoizunguka nyumba iliyoibiwa ziliombwa ziiangalie. Wizi wa kuvunja nyumba ulishuka sana.

Kwa hiyo leo hii, si mwisho wa mwezi: tengeneza pale alipoingilia, na hakikisha panakuwa imara kuliko palivyokuwa. Badilisha kitasa kama funguo zilipotea. Kisha wafuate majirani sita, wawili wa ubavuni, mmoja wa nyuma na watatu wanaokutazama, uwaeleze ilikuwa saa ngapi na kupitia wapi. Waombe jambo moja tu dogo: kwa wiki sita, wakiona mtu upande ule wakati ule, wakupigie. Ukimwambia mtu "tuwe macho" bila saa wala mahali, atakuwa macho siku mbili.

Nilinunua kitasa cha bei mbaya. Mlango umepigwa teke mara moja, umefunguka. Kitasa kizima! Nimeuziwa feki? — Msomaji aliyekasirika

Hapana. Kitasa kimefanya kazi yake, waliokuangusha ni skrubu. Tazama kwenye mwimo kile kibati chenye tundu ambamo ulimi wa kitasa huingia. Kilichoshikilia kibati hicho ni skrubu mbili za sentimita 2 hivi, zimeuma ubao wa fremu tu, karibu na ukingo. Teke linapopigwa, nguvu yote inatua hapo. Ubao unapasuka kufuata nyuzi zake na kibati kinatoka na kipande cha mti. Tunadhani ukiangalia utakuta hivyo hasa.

Weka kibati kirefu zaidi, chenye matundu manne au zaidi, na skrubu za sentimita 7 hadi 8 zinazopita fremu na kuingia kwenye kilicho nyuma yake. Nyuma kukiwa na mbao, toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, la sivyo utaupasua ubao wewe mwenyewe kabla ya mwizi. Kukiwa na tofali au zege, toboa mpaka ukutani na utumie plagi ndefu au bolti ya kutanuka. Kabla ya hapo itikise fremu kwa mikono miwili. Ikicheza, chokaa kati yake na ukuta imeachia, na skrubu ndefu hazitakusaidia mpaka uzibe upya.

Ulimi wa kitasa uingie angalau sentimita 2.5. Funga mlango kwa ufunguo kisha uusukume kwa bega. Ukitembea kabla ya kukamata, tundu ni pana mno, na kila mtikisiko unampa mvunjaji mwanzo mzuri.

Mlango ukifungukia nje, bawaba zako ziko nje pia, na pini zake zinagongeka. Dawa yake haina gharama: toa skrubu moja kila upande wa bawaba, zinazotazamana. Upande mmoja gongelea msumari mnene uliokatwa kichwa, ubaki umejitokeza sentimita moja. Mlango ukifungwa msumari unaingia kwenye tundu la upande wa pili, na hata pini ikitolewa mlango haung'oki. Wanaotumia kufuli na komeo la nje nao waangalie jambo moja: kama vichwa vya skrubu vya komeo vinaonekana mlango ukiwa umefungwa, kufuli ni pambo. Weka bolti zinazopita mlango wote, kichwa laini nje, nati ndani.

Taa kubwa ya nje inasaidia?

Inategemea inamulika nani. Taa kali iliyofungwa ukutani na kuelekezwa barabarani humpofusha mpita njia na jirani, na pembeni yake hutengeneza giza zito ambalo mtu anaweza kusimama asionekane. Ielekeze chini, iwe na kifuniko cha juu, umulike mlango na njia ya kuufikia. Kisha nenda kasimame kwa jirani usiku: kama unaona uso wa mtu aliye mlangoni kwako, imekaa vizuri, kama unaona taa tu, ishushe. Majani nayo ni sehemu ya taa. Ua mbele ya madirisha usizidi kiuno, matawi ya miti yaanzie mita 2 kwenda juu, ili kati ya hapo macho yapite.

Kundi letu la WhatsApp la ulinzi limegeuka mahakama. Juzi imetumwa picha ya kijana, "mwizi huyu hapa", kumbe alikuwa fundi aliyekosea nyumba. Tufanyeje? — Msimamizi wa kundi

Kwanza futeni picha, na katika kundi lilelile mwandike kwamba lilikuwa kosa. Msiliache lijifie kimya, kwa sababu picha imeshahamia makundi mengine. Kumtangaza mtu kuwa mwizi kunaweza kumfikisha aliyetuma mahakamani, na aliyetangazwa hospitali.

Halafu gawanyeni kundi. Moja liwe la dharura tu, ambamo ujumbe una mambo manne: nini kinaonekana, wapi, saa ngapi, kama polisi wameshapigiwa. Salamu, maombi na matangazo ya biashara yaende kwingine. Watu hunyamazisha kundi lenye kelele, na usiku unaowahitaji hawasikii. Elezeni kitendo, msieleze mtu. "Mwanamume anajaribu vishikio vya milango, nyumba ya tatu hadi ya tano" ni taarifa. "Kuna mtu simwelewi anapita" ni hofu ya aliyeandika, na mara nyingi anayeangukiwa na hofu hiyo ni mgeni, maskini au mgonjwa wa akili. Picha na namba za magari ziende polisi moja kwa moja. Na jamani, kundi si polisi: piga simu ya dharura kwanza, andika baadaye.

Tukijilinda sisi, si tunamsukumia mwizi mtaa wa pili?

Wakati mwingine wengine huhama, ila kwa kawaida si wote. Tafiti nyingi zilizofuatilia jambo hili zimekuta kinachohama ni kidogo kuliko kilichozuiwa, na mara kadhaa mtaa jirani nao ulipata nafuu, kwa kuwa mwizi hajui ulinzi unaishia wapi. Hata hivyo kabidhianeni nakala za daftari na kamati ya jirani kila mwezi.

Tukimkamata mtu, tumfanye nini polisi wakichelewa? — Wazee wa mtaa

Wazee wetu, shikamooni. Sheria za raia kumkamata mtu zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mwiteni afisa wa polisi wa eneo lenu awasomee ya kwenu kabla hamjaihitaji. Kinachofanana karibu kote ni hiki: mtu awe ameonekana akitenda, nguvu isizidi ya kumzuia, na akabidhiwe bila kuchelewa.

Mkalisheni chini, mbali na umati, watu wawili waliotulia wakiwa naye na wengine wakiwazuia wanaokuja. Umati ndio hatari halisi ya usiku huo, na unakua haraka kuliko mnavyofikiri. Msimpige, msimfunge kamba shingoni, msimhoji. Ungamo la kipigo linaweza kuibomoa kesi nzima. Andikeni saa aliyozuiwa na nani alimwona. Kila shahidi aandike peke yake kabla hawajasimuliana, maana wakishasimuliana wote watakumbuka shati la rangi moja, hata ambao hawakuliona.

Tuliambiwa tusiguse kitu mpaka mpelelezi aje. Mvua ikawa inakuja, alama ya kiatu iko uani. Tungeiacha? — Kijana wa kamati

La. Kanuni ya kutogusa ina maana ya kutoharibu. Piga picha mbili kwanza ukiwa umesimama juu yake sawasawa, simu isielemee upande: moja tupu, nyingine ukiwa umelaza rula ubavuni mwa alama, au sarafu kama huna rula. Kisha ifunike kwa beseni kubwa lililogeuzwa, kingo zisiguse alama, weka tofali juu upepo usilichukue, na chimba mfereji mdogo wa kupitishia maji upande wa juu wa mteremko. Andika saa uliyofunika. Ndani ya nyumba chagueni njia moja ya kupita, ambayo mwizi hakupita, na kila mtu aitumie hiyo. Vioo visifagiliwe, na droo zilizoachwa wazi zibaki wazi. Mtu akija kutoa pole apokelewe nje. Beseni lisiinuliwe kila anapokuja wa kuonyeshwa.