Kabla hujailaumu kontroli boksi ya eabegi

Vijana wangu, jana hapa Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta mmoja wenu akipima eabegi ya usukani (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likipata ajali) kwa multimita, betri ikiwa bado imefungwa, nami nikafoka kabla hata ya salamu. Nisameheni kwa sauti, si kwa maneno.

1. Toeni teminali hasi ya betri na msubiri. Kwa magari mengi dakika 3 zinatosha, kwa kuwa kapasita (vihifadhi umeme) za kontroli boksi, yaani kompyuta inayoamuru eabegi, hubaki na chaji ya kuweza kulipua eabegi. Asubuhi za Julai huku kwetu, muda huo unatosha kuota moto.

2. Eabegi yenyewe haipimwi omu, yaani ukinzani wa umeme, kwa sababu mkondo mdogo wa mita unaweza kuilipua. Chomekeni rezista ya omu 2 mahali pake. Kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa na mashine ya uchunguzi, ikifutika isirudi, eabegi ndiyo mbovu, na ikirudi, fuateni waya.

3. Anzeni na soketi za njano chini ya viti. Hili nililijua kwa aibu. Mama mmoja wa Uyole, aliyezoea kubebea viazi ndani ya gari lake dogo, aliniletea taa ya SRS (ya onyo la eabegi) isiyozimika, na mashine ya uchunguzi ikasoma ukinzani mkubwa kwenye eabegi ya ubavuni, upande wa abiria. Nilikuwa nimeinunua mashine hiyo mwezi uleule na nikaiamini kuliko macho yangu, nikatamka kwamba kontroli boksi imekufa. Mama akauza magunia, akaagiza boksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Nilipoifunga, kodi ya zamani ilibaki palepale na ikaongezeka nyingine, ya ajali, isiyofutika, maana boksi ile ilitoka kwenye gari ambalo eabegi zake zilikwisha kulipuka. Siku ya tatu fundi wangu mkuu aliingiza mkono chini ya kiti bila kusema neno, akatoka na soketi iliyolegea, imejaa udongo, pamoja na kiazi kimoja kilichonyauka, akakiweka juu ya boneti. Mama akauliza, “Sasa mwanangu, magunia yangu yameliwa na gari au na wewe?” Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi 4, na watoto wake bado huniita Fundi Kiazi.

4. Mkifunga spairo ya usukani (utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani), iwekeni katikati kwanza, la sivyo itakatika kwenye kona ya kwanza na honi itakufa nayo.

Na wewe niliyekufokea, njoo Jumatatu na tochi. Lile gari bado hujalitazama chini ya viti.