Kabla ya Kuchimba Septiki Malindi, Uulize Udongo Kwanza

Nyumba ikifika lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ndipo wengi wanapokumbuka majitaka. Kisima kishachimbwa, jiko lishapata mahali pake, sasa mwenye nyumba anataka septiki, yaani tangi la majitaka, ikae nyuma ya choo ili bomba liwe fupi. Nimefanya kazi hii Mambrui, Ganda na Watamu, na kila ninapoitwa huanza na maswali mawili: kisima kiko wapi, na chini ya nyasi kuna nini?

Nauliza hivyo kwa sababu tangi halisafishi maji. Kazi yake ni kutenganisha tu. Kizito hukaa chini kikawa tope, mafuta na povu hupanda juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunywea, ambalo mafundi hulijua kwa jina la sokipiti. Maji hayo hata yakionekana meupe bado yana vijidudu, na nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kipindupindu au homa ya matumbo, vijidudu vya ugonjwa huo hutoka nayo. Yanasafishwa na udongo, yakipita polepole. Ukiukosea udongo, tangi la simiti la bei yoyote halitakusaidia kitu.

Na udongo wetu haufanani. Watamu na sehemu za kusini mwa Malindi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa nyufa na mapango. Mtu huchimba shimo refu, akafurahi kwamba miaka inapita na halijajaa. Mimi shimo la namna hiyo naliogopa. Maji yanapita kwenye ufa kama kwenye bomba, hayachujwi, na hujui yataibukia kisima cha nani. Mwambani usishuke chini. Tandika mchanga wa kutosha, kisha ulaze juu yake mabomba yenye matundu, karibu na uso wa ardhi, ili mchanga ufanye kazi ambayo mwamba hauwezi.

Mambrui ni mchanga, unakunywa vizuri, lakini maji ya chini yako karibu na wakati wa masika hupanda. Kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji hayo, na upime masika, si kaskazi kila kitu kimekauka. Ganda na bondeni mwa mto Sabaki utakutana na udongo mzito unaokataa maji. Huko shimo moja refu litajaa. Chimba mitaro mirefu isiyo na kina, ujaze kokoto, ulaze bomba.

Ukitaka kujua udongo wako, chimba kijishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho bomba litalala. Kijaze maji, kiache kilale usiku kucha. Asubuhi tia maji tena, simamisha rula, uangalie saa. Yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimita 2.5, udongo ni mzito mno. Yakishuka kiasi hicho ndani ya dakika moja, yanakimbia bila kuchujwa.

Kisima na shimo la kunywea viachane mita 30 au zaidi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hapa kila mtu kachimba tu na maji yakaenda." Nikamjibu, "Yameenda kweli, baba, lakini kisima chako ndicho kilicho upande wa chini." Kwetu pwani maji ya ardhini kwa kawaida huelekea baharini, kwa hiyo kisima kikae upande wa bara na septiki upande wa bahari. Kwa yule mzee tulihamisha alama zote za kamba siku ileile.

Kwa ndugu zetu wa Lamu jambo hili ni zito zaidi. Maji matamu ya kisiwa yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela, tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Mvua inayopenya mchangani ndiyo inayolijaza, na majitaka hupenya kwa njia hiyohiyo. Anayejenga karibu na vilima vile anaamua juu ya maji ya kunywa ya watu wengi.

Ukubwa wa tangi hauhitaji kubahatisha. Chukua nyumba ya watu 8, kila mmoja lita 100 kwa siku. Hiyo ni lita 800, na maji yanatakiwa yatulie saa 24 kwa uchache. Ongeza nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 3, ni lita 960. Jumla lita 1,760. Tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 1.2 linachukua lita 2,400, na wageni wa Idi na harusi wamo. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa. Gawa kwa ukuta, chumba cha kwanza theluthi mbili. Bomba la kutokea liwe chini kidogo ya la kuingilia, sentimita 5 hivi, na yote mawili yafungwe tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T, inayozama majini, la sivyo mafuta yatatoka na kuziba udongo. Udongo ukizibwa na mafuta hauzibuki kwa dawa. Bomba la hewa livalishwe wavu wa mbu.

Maji ya paa yasiingie humo hata kidogo. Yapeleke kwenye jabia, utayatumia. Pampasi, pedi, makumbi ya nazi na mafuta ya kukaangia yabaki nje. Jiki kidogo ya kuoshea choo haina neno, ila ukimimina chupa nzima unaua vijidudu vinavyokula tope. Dawa za unga zinazouzwa kulisha tangi sizinunui, kwani kinyesi chenyewe kinaleta vijidudu vya kutosha. Usipande mwarobaini karibu, mizizi yake huja kunywa.

Kila mwaka funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uuzamishe hadi chini, uutoe polepole. Doa jeusi likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya. Nyumba nyingi hufika hapo baada ya miaka 3 hadi 5.

Nawasihi sana: asishuke mtu ndani, hata tangi likiwa tupu. Hewa yake inaua kwa pumzi chache, na ikizidi inaua pua kwanza, ukadhani harufu imekwisha. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza. Mfuniko uwe mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuuinua.

Mfuniko huo usiufukie chini ya maua wala sakafu ya baraza, na uache njia ya gari kufika karibu. Tangi la plastiki likinyonywa wakati wa masika, lijaze maji safi siku hiyohiyo, kwa sababu maji ya ardhini hulisukuma likaelea na kung'oa mabomba yote.