Kwa nini damu iliyoganda kwa mtoto njiti haiyeyuki upesi
Dada wa Wete, umeuliza vipi mtoto njiti, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 30, avuje damu kirahisi, na papo hapo damu iliyoganda kwenye mpira wa kitovuni (mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa damu wa kitovu) isiyeyuke. Yote mawili hutokea. Kuvuja kunatokana na mishipa laini na vitamini K haba. Kuyeyusha ni kazi ya plazmini, kimeng'enya cha kwenye damu, inayotokana na plazminojeni, yaani hali yake kabla haijaanza kufanya kazi. Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi anayo plazminojeni kama nusu ya mtu mzima. Njiti anayo pungufu zaidi, na hata hiyo hugeuka plazmini polepole. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha humfanyia kazi kwa shida, na baadhi ya madaktari humtangulizia plazma, majimaji ya damu yenye plazminojeni.

Damu iliyoganda kwenye mpira huo inaweza kuzuia damu kufika mguuni, kwa hiyo linganisha miguu: mmoja ukiwa baridi, mweupe au wa buluu, mwite nesi hapo hapo. Tafadhali msimkande kwa mafuta, hata wazee wakisisitiza.