Maswali ya Wasomaji: Mzee wa kanisa ananiuliza niliyoyaona kwenye kompyuta ya ofisi

SWALI: Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana niliyesomea kompyuta, naishi Moshi, na siku za Jumamosi hujitolea kutengeneza kompyuta na printa za ofisi ya usharika wetu. Karani ananiamini sana, hunipa nywila yake kwenye kikaratasi na kuniacha peke yangu. Hivi karibuni, nilipokuwa nahamishia mafaili kwenye kompyuta mpya, nilikutana na orodha ya ahadi za ujenzi inayoonyesha nani ametoa na nani bado. Sikuitafuta. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, rika la baba yangu, alinivuta pembeni akaniuliza ni akina nani hawajatoa, kwa kuwa mimi ndiye ninayeona kila kitu. Nilibabaika, nikasema nitamjibu. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima? Na je, kompyuta ya zamani naweza kwenda kuimalizia nyumbani?

JIBU: Ndugu msomaji, mjibu mzee mapema, kabla ya Jumapili ijayo, maana kadiri unavyokawia ndivyo anavyozidi kuamini kwamba majina yanakuja. Mfuate mkiwa wawili tu, mwamkie kama ilivyo ada, kisha umwambie: "Mzee wangu, mimi nilipewa kazi ya kuhamisha mafaili tu. Habari za ahadi ziko kwa mtunza hazina na mchungaji. Nakuomba uwaulize wao." Usiongeze neno la kumpoza, kwa mfano kwamba wasiotoa si wengi au kwamba yeye mwenyewe hayumo, kwa sababu kila kidokezo cha namna hiyo ni kipande cha orodha ile ile. Wala usimwambie kwamba hukuona kitu, kwa kuwa uliona, na siri inaweza kutunzwa bila uongo. Kama mzee huyo ana haki ya kuisoma orodha hiyo kwa nafasi yake katika baraza la wazee, ataipata kupitia baraza, si kupitia kwa fundi.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu orodha ya ahadi haielezi kwa nini mtu hajatoa. Huenda amefiwa, huenda ana mgonjwa hospitalini, huenda ada za watoto zimemmaliza, naye ameshamweleza mchungaji wake faraghani. Moshi watu wanajuana kwa koo na kwa vijiji vya asili. Jina likitamkwa Majengo asubuhi, jioni limeshafika Kiborloni, na mwenye jina hapati nafasi ya kujieleza.

Sheria nayo iko upande wa mwenye jina. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za imani, afya, watoto na miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Ofisi ya usharika inazo zote hizo, kuanzia daftari la ubatizo hadi barua za kuomba msaada wa matibabu. Kujitolea bila malipo hakukuondolei wajibu wa kuzitunzia siri.

Sasa mwenendo wako ndani ya ofisi. Mrudishie karani kikaratasi chake na umwombe aibadilishe nywila hiyo. Kuanzia sasa aiandike mwenyewe, nawe utazame pembeni. Kabla hujagusa chochote, mwombe afunge barua pepe na WhatsApp, kwa maana ofisi nyingi huziacha wazi kwenye kompyuta, na ujumbe wa mwanandoa anayemlilia mchungaji unaweza kuchomoza pembeni mwa skrini huku wewe ukisubiri programu ikamilike. Mafaili yahamishe kwa folda nzima bila kuyafungua. Ukitaka kuhakikisha yamefika salama, linganisha idadi na ukubwa wake, kisha karani afungue mawili matatu mwenyewe.

Printa inahitaji uangalifu wa pekee. Ikikwama kwa siku kadhaa, nyaraka hujipanga foleni ndani ya kompyuta, na mara unapoitengeneza zote hutoka kwa mfululizo, pamoja na barua ya onyo kwa mshirika na hati ya mishahara. Karani awepo wakati huo. Kama hayupo, zipokee karatasi zikiwa zimegeuzwa chini na uziweke mezani kwake hivyo hivyo. Kwa majaribio tumia ukurasa wa majaribio wa printa yenyewe, usichapishe barua ya mtu.

Mheshimu pia karani katika mpangilio wake. Mafaili yake yanaweza kukuudhi kwa majina yasiyoeleweka, lakini yeye ndiye atakayeyatafuta mwezi Desemba, watu wanapopanda nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila mmoja anataka cheti cha ubatizo siku hiyo hiyo. Muulize kwanza, akikataa, acha.

Kuna jambo moja ambalo kulinyamazia si adabu. Ukikutana, bila kutafuta, na jambo linaloonyesha kwamba mtoto anadhuriwa, mweleze mchungaji, na kama jambo lenyewe linamgusa yeye, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi au piga namba 116. Usinakili chochote wala usianze upelelezi.

Kuhusu kompyuta ya zamani, nakushauri usiichukue. Nyumbani kuna ndugu, wageni na watoto wanaopenda kubonyeza. Ikilazimu kutoka, mchungaji aidhinishe kwa maandishi, na diski ichomolewe ibaki kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Kama flashi yako ilitumika katika kuhamisha mafaili, iache ofisini na waombe wakununulie nyingine, kwa kuwa faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kazi hiyo hadi pale litakapoandikiwa juu yake.