Kuisukuma monita kupita 60 Hz: anza na adapta

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Mwanza mjini ni mtumba uliotoka maofisini: kasha dogo, michoro ya Intel, matundu ya DisplayPort na la VGA. Monita inayoandamana nayo huwa ya inchi 22 au 24, pikseli 1920 kwa 1080, na 60 Hz, yaani picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Vijana wa gemu, kuanzia Mabatini hadi Nyegezi, huuliza mambo mawili: nitapata 75 Hz? Nitapata 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160?

Tumalize la 4K kwanza. Kioo cha LCD kimetoka kiwandani na pikseli 2,073,600 na hakuna programu itakayoongeza hata moja. Ukichagua 2560 kwa 1440 na monita ikakubali, picha kubwa inachorwa kisha inabanwa irudi kwenye pikseli zilezile. Kadi ya michoro ikibana yenyewe, NVIDIA huita njia hiyo DSR, AMD huiita VSR. Kwenye gemu ina faida ya kweli, kwa sababu kingo za majengo na nyaya haziwi na vingazi (meno-meno), ila kadi inachora pikseli mara 1.78 ya zile za kawaida. Kwenye maandishi ni hasara tupu. Mwenye stationery anayechapa barua na kusoma vyeti siku nzima asiiguse. Monita za chogo zilikuwa na uhuru zaidi hapo kwa kuwa hazikuwa na gridi ya pikseli inayofanana na hii.

Hz ndizo zina nafasi, na kikwazo cha kwanza mara nyingi ni njia inayopitisha picha, kabla hata ya kioo. Mwendo wa pikseli unapatikana kwa kuzidisha upana wote, urefu wote na Hz, pamoja na nafasi tupu zisizoonekana. Kwa mpangilio wa televisheni, 2200 × 1125 × 60 ni 148.5 MHz, yaani pikseli milioni 148.5 kwa sekunde. DVI ya njia moja, HDMI za zamani, na vile viadapta vya bei ndogo vya kutoka DisplayPort kwenda HDMI au DVI vinaishia 165 MHz. Kwa mpangilio huo unafika 66 Hz na kugonga ukuta. Ukitumia mpangilio uliopunguzwa nafasi tupu, 70 Hz inahitaji 2080 × 1116 × 70, yaani 162.5 MHz, inapita. 71 inapita kwa unywele. 75 inadai takribani 174.6, haipiti.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu monita, angalia adapta. Kama monita ina tundu la DisplayPort, tumia waya wa DisplayPort moja kwa moja. Kama haina, tafuta adapta inayopitisha kweli 4K kwa 30 Hz, maana kazi hiyo inataka 297 MHz, na 75 Hz yako itapita bila shida. Bado tundu la HDMI la monita yenyewe linaweza kuwa la 165. Hapo ridhika na 70 au 71. VGA haina ukuta huo, lakini herufi huanza kufifia kadiri unavyopanda.

Kazi yenyewe ifanyie kwenye CRU (Custom Resolution Utility), programu ndogo ya Windows. Chagua monita yako juu, ongeza rezolusheni mpya ya 1920 kwa 1080, chagua mpangilio uliopunguzwa, andika 65, hifadhi, kisha endesha faili la restart64 linalokuja nayo. Nenda kwenye mipangilio ya kina ya skrini ya Windows (Advanced display) na uchague 65. Ikitulia, panda kwa 1 au 2 kila mara. Usiruke kwenda 75 moja kwa moja, hutajua ilishindwa wapi. CRU huandika ndani ya Windows tu. Monita haibadilishwi, na ukiihamishia kompyuta nyingine inarudi 60.

Kuona namba 72 kwenye Windows si ushahidi. Monita nyingine hupokea picha 72 na kutupa 12, na mwendo unakuwa mbaya kuliko 60. Fungua testufo.com, jaribio la kuruka fremu, weka kamera ya simu kwenye mipangilio ya mkono na muda wa kupokea mwanga wa 1/10 ya sekunde, piga picha bila kutikisa. Kwa 70 Hz utegemee vimiraba 7 hivi vilivyofuatana. Kukiwa na pengo katikati, shuka.

Dalili nyingine za kushuka: nukta zinazomweka, mistari ya wima, rangi ya kijivu kubadilika, au skrini kuzima sekunde moja na kuwaka. Jaribu saa nane mchana chini ya bati, saa mbili mfululizo, maana mpangilio uliotulia usiku kwenye ubaridi unaweza kuanguka kwenye joto. Kinukta cheusi kinachotembea si kosa la Hz. Ni mdudu aliyefuata mwanga akaingia ndani. Usimbonyeze, akifia pale atabaki pale.

Skrini ikibaki nyeusi, subiri sekunde 15, Windows itarudi nyuma yenyewe. Umeme ukikatika au ukiwasha upya kabla haijarudi, chomeka televisheni au monita ya muundo mwingine: mpangilio ule hauihusu, kwa hiyo utaona picha. Endesha reset-all, faili jingine linalokuja na CRU, washa upya, rudi ngazi moja chini. Baada ya kupata namba yako, ingia ndani ya gemu na uichague humo pia, kwa sababu nyingi hubaki kwenye 60 mpaka zibadilishwe.