Nimeteuliwa msimamizi wa mirathi, sasa wadogo zangu wananiita mwizi

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mimi ni mtoto wa kwanza, tupo Tanga. Mzee alifariki mwaka juzi, ameacha wake wawili na watoto saba, kikao cha ukoo kikanichagua mimi niwe msimamizi na mahakama ya mwanzo ikanipa hati. Kuna nyumba moja ina vyumba vya wapangaji, kiwanja na pikipiki. Kodi nakusanya mimi, nimeezeka upya upande mmoja, nimelipa ada ya mdogo wetu wa mwisho na hela ya hospitali ya mama mdogo, ila sijaandika popote maana ni familia, unaanzaje kumuandikia mama yako risiti? Sasa watoto wa mama mdogo wameenda mahakamani kulalamika, nimepata samansi. Hivi nyumba si iko mikononi mwangu mpaka nitakapoamua kugawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na hapo kwenye "nitakapoamua" ndo penye tatizo lote. Ile hati haikukupa mali, imekupa kazi, na kazi yenyewe ina mwisho. Ukoo wakisikia msimamizi wanadhani amepatikana mzee mpya wa kukalia kiti cha marehemu, na msimamizi mwenyewe nae anaanza kuamini hivyo hivyo. Wewe ni mrithi kama wenzako sita, usimamizi haukuongezei fungu hata la nusu chumba.

Kazi yenyewe ni kukusanya mali zote za mzee na kudai waliokuwa wanadaiwa nae, unatoa gharama za mazishi, unalipa madeni yake, kinachobaki ndo kinaenda kwa warithi. Kwa mirathi ya mahakama ya mwanzo unapewa miezi minne toka uteuliwe uwe umejaza fomu namba 5, ile ya orodha ya mali na madeni, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, fomu namba 6 ya hesabu, yani kilichoingia, kilichotoka na nani kapata nini. Ukizidiwa unaomba mahakama ikuongezee muda na mara nyingi inaongeza, ila lazima uombe! Wewe umekaa kimya miaka miwili na hela za wapangaji zinaingia kila mwezi, mtu baki akiangalia ataona nini?

Mimi naamini hujaiba. Ila hakimu hawezi kusoma moyo wako, atasoma karatasi, kwaiyo kabla ya tarehe ya samansi kaa chini urudi nyuma mwezi kwa mwezi. Wapangaji wakuandikie walilipa ngapi na lini, duka la mabati wana vitabu vyao, shule wanatoa risiti za ada, na kampuni ya simu itakutolea taarifa ya miamala kama ulikuwa unatuma hela kwa simu. Fundi asiye na risiti aandike kwa mkono na asaini. Kodi iliyoingia baada ya mzee kufa ni ya warithi wote, sio ya anayekusanya, na ile ada uliyolipa ionekane kama hela aliyoshapokea mdogo wako, vinginevyo hao wengine watasema umewapa wa kwenu tu. Sehemu itakayokosa maelezo unaweza kuamriwa uirudishe kutoka mfukoni mwako, na mahakama ina uwezo wa kukutengua na kuweka msimamizi mwingine.

Alafu kiwanja, naona hujasema unataka kukiuza lakini wengi ndo huwa wanaishia huko. Hati ya ardhi ikibadilishwa inaandikwa jina lako kama msimamizi wa mirathi ya fulani, hayo maneno ya mbele usiyasahau, sio chako. Ukiuza kimya kimya kwa rafiki yako kwa bei ya kutupa, na mnunuzi nae utamuingiza kwenye kesi.

Kuhusu mgao, kama mzee alikuwa Muislamu na mmefungua kwa sheria ya kiislamu, wake wote wawili wanagawana ile moja ya nane maana ana watoto, kilichobaki cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Watoto wa mama mdogo wana haki sawasawa na nyie wa mama mkubwa. Ila muulize kwanza mama yako kama kuna chumba alichojenga kwa hela ya biashara yake, kwasababu mchango wake mwenyewe unatakiwa utolewe kabla ya kugawa, na wamama wetu hawasemi mpaka waulizwe.

SWALI: Shangazi ameniandika kwenye wosia wake kuwa ndo nitautekeleza. Nikienda benki na wosia si inatosha?

JIBU: Haitoshi dada, benki watakurudisha. Wosia umekutaja, ila anayekupa nguvu ya kugusa mali ni mahakama, kwaiyo nenda na cheti cha kifo na wosia halisi sio kopi. Kama marehemu alikuwa Mkristo na maisha yake hayakufuata mila, usianzie mahakama ya mwanzo maana hao wanashughulika na mirathi za kimila na za kiislamu, utapoteza miezi. Na kama hutaki hiyo kazi unaruhusiwa kukataa, ila kataa sasa hivi kabla hujashika hata funguo za nyumba.